Tangi Tupu Ndilo la Kuogopa

Wazee wangu shikamooni. Vijana, habari zenu. Nimeombwa niseme namna ya kufunga tangi jingine la mafuta badala ya lililoharibika kwenye pikapu kuukuu ukiwa nyumbani. Mwenye gari la kisasa anisamehe, pampu yake imo ndani ya tangi na leo sifiki huko.

Kila mtu huogopa tangi lililojaa. Mimi naogopa lile bovu mlilolishusha, likalala tupu uani. Kinachowaka ni mvuke wa petroli ukichanganyika na hewa, na tangi tupu limejaa hicho. Usimpelekee mtu wa kuchomelea eti kwa sababu limekauka. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini. Sasa Mbeya mwezi wa Julai, nyumba gani haina jiko la mkaa barazani? Na msiniambie kuna baridi! Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Uyole pamoja na umande wake haijafika huko. (Kicheko.) Jiko liondoke kwanza.

Halafu chomoa waya wa hasi wa betri, mafuta yatolewe yote. Lita 40 ni kama kilo 30, hutaki zikuangukie kifuani. Kunyonya kwa mdomo tuache, petroli ikipotea njia inaharibu mapafu.

Kufunga kwenyewe si kazi kubwa. Kati ya tangi na mkanda wa chuma unaolishikilia weka vipande vya mpira, maana chuma kikisuguana na chuma kwenye barabara zetu hizi, kitatoboka. Mpira wa maji usiutumie kupitishia mafuta, petroli huulainisha ukawa kama ugali mbichi.

Ila kuna kibomba chembamba juu ya tangi, cha kupumulia. Mimi mwenyewe nilikiziba nikidhani kinavujisha. Napandisha kutoka Uyole kwenda Isyonje, gari likazima. Nikabadilisha plagi, nikasafisha kabureta, wapi. Nilipofungua kifuniko cha tangi nichungulie, likavuta hewa: fyuuu! Nikapiga stata, likawaka palepale. Mafuta yalikuwa yanatoka bila hewa kuingia, mpaka pampu ikashindwa kuvuta.

Ukimaliza, tia lita tano tu, usiwashe. Pitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo, ukinuse. Kikinuka, kaza klipu na urudie. Haya, nani ana swali?