Wachungaji Wale Wale, Tuni Nyingine

ELIA: Karibuni tena. Mwalimu, shikamoo.

MWALIMU RHODA: Marahaba, Elia. Umenitumia wimbo kwenye simu bila maelezo, nimeusikiliza mara tatu huku ndizi zinaungua.

ELIA: Pole kwa ndizi. Umeuonaje?

MWALIMU RHODA: Maneno nayajua: wachungaji wanalinda kondoo usiku, malaika anashuka. Wachungaji wa kondoo, msikilizaji, si wa usharika. Lakini tuni siyo! Halafu katikati wanaingiza kengele. Nikasema ama huyu dada kakosea ama mimi nimezeeka.

ELIA: Hajakosea. Huyo ni Kate Rusby, mtu wa Barnsley, kaskazini mwa Uingereza. Kila Desemba yeye na bendi yake huzunguka kumbi na magitaa, banjo, akodiani na matarumbeta, wakiimba nyimbo za Krismasi ambazo hata Waingereza wengi hawazijui. Zinatoka vijiji vya kwao, South Yorkshire, pembeni mwa Sheffield. Albamu yake ya kwanza ya namna hiyo, Sweet Bells, ilitoka 2008, na wimbo niliokutumia ndio ulioipa jina.

MWALIMU RHODA: Na kwa nini maneno yale yale wayaimbe kwa tuni nyingine? Moja haitoshi?

ELIA: Hapo ndipo utamu ulipo. Zamani Kanisa la Anglikana kule liliimba zaburi zilizowekwa kishairi, basi. Mwaka 1700 kitabu cha zaburi cha Tate na Brady kikapata nyongeza, na humo ndimo wimbo wa wachungaji ulimopenya. Kwa miaka mingi ndio ukawa wimbo pekee wa Krismasi wenye ruhusa rasmi ya kuimbwa kanisani.

MWALIMU RHODA: Ahaa. Kwa hiyo mtunzi wa kijijini, mikono inamwasha, maneno mapya hawezi kuleta. Atafanya nini? Atatunga tuni.

ELIA: Ndivyo. Kila kijiji na yake.

MWALIMU RHODA: Na mizani inamruhusu. Nimehesabu kwa Kiingereza chao: 8, 6, 8, 6. Shairi la mizani hiyo unalihamisha unavyotaka. "Amazing Grace" nayo ni 8 na 6. Chukua wachungaji uwatie mle, wanaingia kama mguu kwenye kiatu.

ELIA: Umetaja kiatu! Tuni mojawapo inaitwa Cranbrook. Aliyeitunga ni fundi viatu wa Canterbury, Thomas Clark, ikachapwa 1805. Siku hizi watu wa Yorkshire wanaijua zaidi kwa wimbo wa utani, wa jamaa aliyekwenda nyikani kwenye baridi bila kofia.

MWALIMU RHODA: Fundi viatu. Wa kwetu alikuwa fundi seremala. Nitakuja huko. Sema kwanza, hizi nyimbo zilitokaje kanisani?

ELIA: Zilifukuzwa. Makanisa ya vijijini yalikuwa na bendi zilizokaa roshani, nyuma ya waumini: fidla, zumari, sauti nne. Karne ya 19 mapadre wakataka utaratibu na heshima. Wakaleta kinanda, na kwaya ya kanzu nyeupe, wapigaji wakaambiwa asanteni. Sheffield wakazibeba nyimbo zao wakaenda nazo baa.

MWALIMU RHODA: Baa, Elia.

ELIA: Baa, Mwalimu. Nilipokuwa nasoma Sheffield, mwenyeji wangu alinipeleka Dungworth, kijiji kiko juu kilimani. Wanaanza Jumapili inayofuata tarehe 11 Novemba, siku ya kukumbuka wafu wa vita, hadi Krismasi yenyewe. Adhuhuri baa imejaa mpaka vioo vinatoa jasho. Hakuna mwenye kitabu. Mzee mmoja ana glasi ya bia mkono wa kulia na mkono wa kushoto anapiga mapigo kwenye paja. Besi wanaanza, watu wa tenor wanawafukuzia, soprano wanajibu, na mimi nimebanwa katikati na koti langu la mtumba.

MWALIMU RHODA: Wanafukuzana? Sauti moja inatangulia, nyingine inarudia maneno yale yale?

ELIA: Hivyo hivyo.

MWALIMU RHODA: Hiyo watu hawaimbi kwa kubahatisha. Mtu kafundishwa na baba yake. Sawa, nawasamehe bia.

ELIA: Na Kate Rusby alikulia humo, wazazi wake wakimpeleka akiwa mtoto. Matarumbeta nayo si urembo wa jukwaani tu. Ule ulikuwa mkoa wa makaa ya mawe, migodi ilikuwa na bendi zake.

MWALIMU RHODA: Kwetu Machame ungesikia matarumbeta alfajiri ya Pasaka, makaburini, giza halijatoka. Nikisikia ile sauti hata redioni nywele zinasimama.

ELIA: Ulisema fundi seremala.

MWALIMU RHODA: Basi nisikilize, maana hili halinipendezi. Kwaya yetu ilikuwa na mzee wa besi, fundi seremala, aliyetunga nyimbo nne za Krismasi kwa Kimachame. Solfa kaandika mwenyewe kwa penseli, d, r, m, sauti zote nne. Tuliziimba miaka. Kisha kikaja kinanda cha umeme, chenye ngoma ndani. Vijana wakataka nyimbo za kanda. Na aliyesimama mbele ya kwaya akasema zile za mzee zipumzike kidogo ni nani? Mimi.

ELIA: Yeye alisemaje?

MWALIMU RHODA: Hakusema. Alikuja mazoezini Jumamosi ile kama kawaida, akaimba besi ya wimbo wa kanda. Sisi hatukuwa hata na baa ya kuzipeleka.

ELIA: Daftari lipo?

MWALIMU RHODA: Ndilo hili. Nilidhani leo tunazungumzia mambo ya kwaya, nikalibeba. Tazama, wa tatu huu. Soprano ipo, tenor ipo, besi ndiyo usiseme, ameikandamiza penseli karibu itoboe karatasi. Ubeti wa pili alto imeliwa na mchwa.

ELIA: Nani aliyekuwa akiimba alto?

MWALIMU RHODA: Yupo Tabata. Ana duka la vitenge.

ELIA: Tumpigie sasa hivi?

MWALIMU RHODA: Saa hizi ana wateja, atanikata. Mpaka saa kumi. Na uzime hicho kinasa sauti, kwanza nataka kuona kama bado naweza kuisoma.