Majeneza ya Sidoni

Ndugu zangu, asanteni kwa kuitikia wito. Nianze na kaburi.

Mwaka 1887, nje kidogo ya mji wa Sidoni, Lebanon ya leo, wachimba mawe walikuta chini ya ardhi makaburi ya wafalme wa kale. Istanbul, mji mkuu wa Milki ya Osmani iliyoitawala Sidoni wakati huo, ikamtuma Osman Hamdi Bey, mchoraji aliyesomea Paris, mkurugenzi wa Makumbusho ya Dola tangu 1881. Alishuka shimoni mwenyewe, akasimamia kuchimbwa kwa njia ya kutokea, na majeneza ya marumaru yakavutwa hadi pwani, yakapakiwa melini. Moja limechongwa Aleksanda Mkuu akipigana na Waajemi, na mabaki ya rangi bado yanaonekana. Watu huliita jeneza la Aleksanda, ingawa si yeye aliyezikwa humo.

Kwa nini Milki ya Osmani, dola la Kiislamu lililokuwa likimegwa kila upande, ihangaikie sanamu za Kigiriki? Ulaya ilikuwa ikiita milki hiyo mgonjwa, na ustaarabu wa dola iliupima kwa namna linavyoienzi Ugiriki ya kale. Huku ikipima, ilikuwa ikibeba: Wajerumani walikwisha kuichukua madhabahu ya Pergamon, mji wa Kigiriki wa kale uliokuwa ndani ya milki hiyo, Uturuki ya leo. Jibu la Osman Hamdi lilikuwa sheria ya 1884: malikale zote ni za dola, kuzitoa nje ni marufuku. Mwaka 1891 likafunguliwa jengo jipya la makumbusho, umbo lake limeigwa kutoka majeneza yale yale, na mbele limeandikwa Asar-ı Atika, yaani malikale kwa Kituruki cha Osmani. Hiyo asar, neno la asili ya Kiarabu, ndiyo athari yetu sisi, alama inayobaki.

Linaloniuma ni hili. Mwaka 1903 Sultani Abdulhamid II alimtunuku Kaizari Wilhelm II wa Ujerumani ukuta wa mbele wa kasri la Mshatta, kazi ya Bani Umayya, ukoo wa makhalifa wa Kiislamu, ya karne ya 8, huko Jordan ya leo. Osman Hamdi alipinga, hakusikilizwa. Mimi naona sultani alilinda zaidi kile ambacho Ulaya ingemsifia, na urithi wa Waislamu wenzake akaufanya zawadi ya urafiki.

Na Sidoni je? Istanbul iliona uchungu kwa Pergamon, kisha ikaufanyia mji wa himaya yake yale yale. Majeneza hayajarudi. Hata mwili wa Tabnit, mfalme wa Sidoni aliyekutwa katika makaburi yale, aliyeandika juu ya jeneza lake kwamba asisumbuliwe, umelazwa ndani ya kioo Istanbul.