Akija Bingwa, Mwombeni Mkono Wake

(Mazungumzo na walimu wa michezo na wazazi, ukumbi wa Tononoka, Mombasa)

Walimu wenzangu, mama zangu na baba zangu, salaam aleikum, na hamjambo. Naona feni inayozunguka ni ile moja tu, basi walioketi upande wa huku tutavumiliana. Sitawaweka hadi magharibi.

Mmeniita nizungumzie kambi ya softiboli ya wasichana, na hasa swali hili: tukimpata mchezaji mkubwa, mwanamke, aje atufundishie watoto siku tatu, tumtumie vipi? Wengine mmeshanijibu pale mlangoni: tupige naye picha. Haya, picha tutapiga. Dakika tano zatosha.

Kwa asiyeujua mchezo, huu ni ndugu wa ile raundasi tuliyocheza shule ya msingi. Ulianzia Chicago mwaka 1887, tena ndani ya ukumbi: glavu ya ndondi ikafungwafungwa ikawa mpira, mpini wa ufagio ukawa gongo la kupigia. Kwa hivyo anayeniambia hatuwezi kuanza kwa kuwa hatuna vifaa, nitampa ufagio. Jina nalo lisiwadanganye. Mpira wa siku hizi una mzingo wa sentimita 30 hivi na si laini hata kidogo. Muulizeni aliyepigwa nao kwenye muundi.

Roho ya mchezo iko kwa mrushaji. Anasimama mita 13 na kidogo kutoka kwa mpigaji, mkono unazunguka duara zima, na mpira unaachiwa chini, karibu na paja. Warushaji wa daraja la juu huupeleka kwa kasi ya kilomita 110 kwa saa, yaani mpigaji hana hata nusu sekunde. Mwaka 2004 Jennie Finch wa Marekani aliwarushia wanaume wa besiboli ya kulipwa, akiwamo Albert Pujols, nao wakapiga hewa. Hapakuwa na uchawi. Macho yao yamezoea mpira unaotoka juu ya bega, na huu unatoka chini, tena karibu. Huyo Finch baadaye akaanzisha kambi za wasichana zenye jina lake, na ndiyo maana namtaja.

Sasa nendeni pale ufukweni Mama Ngina jioni mkawatazame vijana wanaovua kwa mshipi. Kijana anazungusha chubwi, kile kizito cha mwisho wa mshipi, mara moja, mara mbili, anaachia. Akiwahi kuachia, chubwi linagonga mwamba mbele ya miguu yake. Akichelewa, linapanda juu na kumwangukia karibu. Kurusha softiboli ni hivyo hivyo. Mimi niliyejifunza kwa kutazama video naona tu kwamba mpira umepanda. Bingwa anaona kwa nini umepanda: nyonga imegeuka kabla ya mkono kufika, vidole vikachelewa. Hilo ndilo tunalomwitia. Si medali yake.

Na si kila bingwa anajua kulitoa. Niliwahi kukaa kwenye kambi moja, sitasema wapi, ambapo mgeni alikuwa hodari kweli kweli. Akarusha, akapiga, akakimbia. Wasichana arobaini wameketi juani wanapiga makofi. Ilipofika saa sita hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshika mpira. Walirudi nyumbani wakijua kwamba yule mama ni hodari, jambo walilolijua tangu asubuhi.

Mwingine niliyemwona baadaye alikuja na mfuko wa soksi kuukuu. Akazikunja zikawa mipira, akawapigisha wasichana goti moja chini, mita mbili kutoka ukutani. Hakuna kuzungusha mkono, ni kiganja tu: pa, pa, pa. Alikuwepo mtoto mmoja wa Kisauni anayetumia mkono wa kushoto, naye amejitenga kando. Tulikuwa na glavu tatu, zote za wanaotumia mkono wa kulia, na sisi walimu tulidhani mtoto haya zinamsumbua. Yule mama akaitazama glavu, akamtazama mtoto, akamwambia, “Wewe leo hudaki. Wewe unarusha.” Kisha akamshika nyonga kwa mikono miwili na kuizuia isigeuke. Soksi ya kwanza ikagonga ukuta usawa wa kiuno. Mtoto akageuka kututazama, na sisi tukatazama chini, maana tulikuwa naye mwaka mzima.

Angalieni hapo: alimshika nyonga. Kocha mwanamume asingeweza, na hapa kwetu asingepaswa. Mama mmoja aliwahi kuniuliza swali moja tu kabla ya kumruhusu bintiye: “Anafundishwa na nani?” Nilipomjibu kuwa ni mwanamke, akauliza kama suruali ndefu na mtandio vinaruhusiwa, akapiga sahihi. Baadhi yenu mnadhani wazazi wa hapa wanaupinga mchezo. Wengi hawaupingi. Wanauliza maswali ambayo hatujayajibu.

Baba pale nyuma ameinua mkono muda mrefu, na nadhani najua: masomo. Mzee wangu, Dot Richardson alikuwa daktari katika mafunzo ya upasuaji wa mifupa alipoichezea Marekani Atlanta mwaka 1996, softiboli ya wanawake ilipoingia Olimpiki mara ya kwanza. Alikuwa na miaka 34. Katika fainali dhidi ya China, waliyoshinda 3–1, alipiga mpira ukatoka nje ya uwanja, na kwenye mchezo huu hilo ndilo pigo bora kuliko yote. Simwahidi mtu kwamba bintiye atakuwa daktari. Nasema tu kwamba vitabu na gongo viliwahi kukaa nyumba moja.

Yupo pia Yukiko Ueno wa Japani. Beijing, mwaka 2008, alirusha mipira 413 kwa siku mbili, na wakawafunga Marekani 3–1 kwenye fainali. Mchezo ukatolewa kwenye Olimpiki. Uliporudi katika michezo ya Tokyo, mwaka 2021, Ueno bado yupo, ana miaka 39, na Marekani wakafungwa tena, 2–0. Ningempata mtu kama huyo, nisingemuuliza alishindaje. Ningemuuliza bega lake alilitunzaje, maana wasichana wetu wanarusha hadi mkono uwake moto, na sisi tunawaita majasiri.

Kwa hivyo ombi langu kwa kamati: siku ya kwanza ya kambi iwe ya walimu. Watoto wabaki nyumbani. Bingwa atushike sisi nyonga, atucheke sisi. Akiondoka siku ya tatu, lazima abaki hapa mtu anayeweza kuona vidole vimechelewa.

Jumatatu baada ya alasiri tunaanza mazoezi ya walimu, kiwanja hiki hapa nje. Kila mtu aje na soksi tatu kuukuu. Zifuliwe, tafadhali.