Insha Isiyo na Pua

Hamjambo vijana? Walimu wenzangu, nawaamkua.

Nimesahihisha insha hadi najua zinavyoanza kabla sijafunua karatasi. "Nilirauka alfajiri. Ndege walikuwa wakiimba nyimbo tamutamu." (Kicheko.) Mnacheka kwa kuwa mmeiandika, hata wewe hapo nyuma. Ndege gani hao? Hapa Mombasa kinachotuamsha ni kunguru, na kunguru haimbi, analia kama mlango wenye bawaba kavu. Niandikie huyo.

Najua, insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, inadai maneno 400 na mnatafuta ya kujazia. Lakini maneno mnayo, tena si ya kuazima. Angalieni "kusikia". Kwetu halikai sikioni tu: tunasikia mlio, tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa. Harufu nayo tumeigawa ndani ya kitenzi. Asumini hunukia, mtaro hunuka. Ukiandika "maua yalinuka vizuri" umejikwaa. Samaki ana shombo, kwapa lina kikwapa. Umeuma ndizi mbichi, ulimi ukakauka na kukaza? Huo ni ukakasi, usiniandikie "ladha mbaya".

Kuna mwanafunzi aliniletea hivi: "Mama yangu huuza samaki. Hufanya kazi ngumu sana." Nikamwuliza, akirudi usiku, stima zimepotea, unajuaje ni yeye? Akanyamaza jii. Kisha akasema, "Nasikia ndara zake, chwa, chwa, maana huwa zimelowa. Halafu shombo. Akinishika shavu, magamba yaliyomkaukia vidoleni yananikwaruza." Nikamwambia nenda kaandike hayohayo. Aliporudi, neno "ngumu" alikuwa amelifuta mwenyewe, sikumwambia.

Tazameni alichofanya: hakumweleza mama kuanzia kilemba hadi kisigino. Giza lilimfungia jicho, akabaki na sikio, pua na shavu. Milango ya fahamu ni mitano, sawa, lakini hakuna aliyewaagiza muifungue yote kwa mpigo. Wengine mkishaambiwa "tumia hisi" mnanipangia foleni: niliona, nikasikia, nikanusa, nikaonja, nikagusa. Hiyo ni orodha ya sokoni.

Tanakali za sauti nazo ni hivyo hivyo. Jiwe likitumbukia kisimani, chubwi! Gunia likianguka, pu! Moja mahali pake inatosha. Ukizimwaga sita katika aya moja, msomaji anasikia ngoma, hasikii kisa.

Haya, wekeni kalamu chini kwanza. Fumbeni macho, dakika mbili tu. Jikoni kwenu huko kuna sufuria imeanza kuungua. Mkifumbua, niandikieni sentensi tatu: ni wali au ni maharagwe, na mmejuaje. Neno "mbaya" silitaki, wala "sana".

Wewe wa dirishani, nakuona. Fumba.