Ukurasa Ulioliwa Angani

REHEMA: Shabani, kabla hujafungua kinywa, nipe pole yangu kwanza.

SHABANI: Pole sana, dada. Ya nini?

REHEMA: Bi Mdogo, mwanangu, ameitafuna pasipoti yangu. Jumanne. Nimegeuka kuepua wali, kurudi namkuta chini ya meza katulia tuli. Wanaotusikiliza siku zote wanamjua, mtoto yule hatulii. Nikasema hapa pana jambo.

SHABANI: Kala ukurasa upi?

REHEMA: Wa picha umemshinda, ni plastiki ngumu. Kauachia alama za meno manne. Akahamia kurasa za viza, huko kafaidi. Na safari ya Muscat kwa dada imebaki wiki tatu!

SHABANI: Basi Mungu ana mipango yake. Mtu niliyemwandaa leo naye alikula pasipoti.

REHEMA: Mtu mzima?

SHABANI: Mtu mzima, kilo mia na ushee. José Abreu, mpiga besiboli. Mzaliwa wa Cienfuegos, Kuba, 1987. Wenye kumbukumbu wanajua nilivyokuwa nikimtaja mwaka ule wa 2014, naendesha teksi huku upande wa kusini wa Chicago. Kila abiria White Sox, timu yake ya huko, kila abiria Abreu.

REHEMA: Ngoja. Aliila vipi?

SHABANI: Tutafika. Nilitaka kuanza na gongo lake la kupigia mpira. Msimu wa 2010/11, akiwa bado kwao, alipiga homurani 33, yaani mpira unavuka ukuta wa uwanja na wewe unazunguka vituo vyote hakuna wa kukugusa. Wastani wake .453. Katika mchezo huu, anayefaulu mara tatu katika kumi anaitwa hodari. Yeye alikaribia nusu. Mrushaji anamwona tu anakuja na gongo, jasho linamtoka...

REHEMA: Shabani. Pasipoti.

SHABANI: Haya. Agosti 2013 anatoroka Kuba kwa boti pamoja na jamaa zake, anafika Haiti. Oktoba anapanda ndege kwenda Miami na pasipoti ya bandia ya Haiti. Yumo angani, anaagiza bia. Anachana ule ukurasa wa kwanza wenye jina na picha, anaula kidogo kidogo, anausukumia na bia. Hayo aliyasema mwenyewe kwa kiapo mahakamani Miami, mwaka 2017, kwenye kesi ya wakala wake na mkufunzi mmoja walioshtakiwa kwa kuwavusha wachezaji kwa magendo. Wote wawili walikutwa na hatia.

REHEMA: Sasa hapo mimi nakataa. Bi Mdogo kasaga robo saa nzima, ukurasa wa viza tu, umeng'oka kipande cha ukucha. Karatasi ya pasipoti si ya daftari.

SHABANI: Ndiyo maana ya bia.

REHEMA: Bia inalainisha karatasi? Lowesha pasipoti kwenye maji uone. Pasipoti ya marehemu babu iliangukia baharini pale gatini Pangani, ikaanikwa, ikatumika miaka miwili mingine.

SHABANI: Lakini yeye alichana vipande vidogo vidogo. Mtoto wako alikuwa anafyonza.

REHEMA: Na jirani yake kwenye kiti? Mtu anatafuna karatasi pembeni yako, unamtazama tu?

SHABANI: Labda kalala. Sikiliza lakini kwa nini aliila, hapo ndipo nilipolia. Asingeweza kushuka Marekani na hati ya uongo. Na wakati ule sheria ilikuwa Mkuba akishakanyaga ardhi ya Marekani, anapokelewa. Kwa hiyo yule Mhaiti wa kwenye karatasi ilibidi afie angani, ashuke Mkuba. Utaratibu wenyewe ulifutwa Januari 2017, hata miezi mitatu haikupita akawa anatoa ushahidi.

REHEMA: Na kwa nini asitoke Kuba moja kwa moja? Maili tisini tu kufika Florida.

SHABANI: Ukitua Marekani kwanza, unaingizwa kwenye mgawo wa wachezaji chipukizi, timu moja inakuchukua, huna sauti. Ukipata ukaazi nchi ya tatu, unakuwa huru, timu zote zinakugombea. Na ukiwa Kuba kwenyewe, vikwazo vya Marekani vinazuia timu kukusainisha. Desemba 2018 ligi kuu ya besiboli ya Marekani na shirikisho la Kuba walikubaliana wachezaji wapite mlango wa mbele. Aprili 2019 serikali ya Trump ikaufunga kabla hajapita mtu.

REHEMA: Kumbe Haiti ndiyo ilimpa bei.

SHABANI: Dola milioni 68, miaka 6, kwa White Sox. Akavaa namba 79, mama yake ndiye aliyemchagulia ili watu wamkumbuke. Mwaka wa kwanza homurani 36, tuzo ya mchezaji mpya bora kwa kura zote. Lakini Rehema, Kuba aliacha mtoto. Mdogo kabisa.

REHEMA: Aliacha kwa ajili ya huyo mtoto.

SHABANI: Ndivyo wanavyosema wote.

REHEMA: Ndivyo ilivyo! Angebaki, angempa nini? Mshahara wa mchezaji wa Kuba hautoshi kiatu. Mimi ningeenda. Nakwambia ukweli, na Bi Mdogo ningemwacha kwa mama.

SHABANI: Mimi baba yangu alienda Muscat nina miaka minne. Unaijua nyumba yetu ya Ngamiani, matofali yote ni jasho lake, sikatai. Aliporudi nina miaka kumi na tatu. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba."

REHEMA: Hilo hukuwahi kulisema hapa.

SHABANI: Leo nimelisema. Abreu alimwona mwanawe tena Desemba 2015, Havana, ligi ilipopeleka wachezaji kwa ziara ya kirafiki. Tangu 2013. Umri ule mtoto anajifunza neno baba ni nani.

REHEMA: Lakini walionana. Wewe leo ungesoma na nini, Shabani, bila zile riali?

SHABANI: Ningesoma kidogo. Ningekuwa na baba.

REHEMA: Unasema hivyo umeshiba.

SHABANI: Na wewe unasema hivyo hujaachwa.

REHEMA: ...Haya. Sikubali, lakini haya.

SHABANI: Wala mimi.

REHEMA: Fundi mitambo ananionyesha vidole. Dakika mbili. Na ulikuwa na mafunzo yako matatu ya mikataba.

SHABANI: Hata la kwanza sijaligusa. Niacheni niseme 2020 basi: msimu wa corona, mechi 60 tu, yeye alivusha mikimbio 60, yaani alama 60 zilizopatikana kwa gongo lake. Mmoja kwa kila mechi! Akachaguliwa mchezaji bora wa Ligi ya Amerika, nusu moja ya ile ligi kuu. Baadaye akaenda timu ya Houston, gongo likazeeka, wakamwachia Juni 2024. Homurani 263 kwa jumla.

REHEMA: Mafunzo yatasubiri wiki ijayo.

SHABANI: Wiki ijayo tuna mambo ya karafuu, tuliahidi.

REHEMA: Basi yamekwenda. Mimi kesho alfajiri naenda foleni ya pasipoti mpya, na hii iliyoliwa nimeambiwa niibebe hivyo hivyo.

SHABANI: Na Bi Mdogo?

REHEMA: Namwacha kwa mama mpaka saa nane.

SHABANI: Mwambie unarudi.

REHEMA: Ana meno manne, Shabani.

SHABANI: Mwambie hivyo hivyo.