Mkono Wako Sio Sehemu ya Mashine

Haya, mnanisikia huko nyuma? Maiki hii inakoroma kama mota iliyoisha brashi, ngoja niiweke chini. Mimi nina sauti ya kumuita mtu kutoka kwenye chemba mpaka kwenye septiki, itatosha.

Waliponipigia wakasema fundi njoo uongee na vijana kuhusu mashine za kuzibulia mabomba, nikauliza niongee nini, wakasema chochote. Sasa ukimwambia mzee chochote umekwisha. Wale mlionisikia siku za nyuma mvumilie tu, maana naongea kilekile: waya. Sio mota, sio hospawa ngapi, sio mashine imepakwa rangi gani. Waya unaendaje mbele, unarudije nyuma, na nani anauamrisha. Hata ukinikuta pale Kibirizi, hapahapa Kigoma, nanunua dagaa nitakushika shati nikuambie hilihili, mke wangu ameshachoka, nikianza tu anahamia kwa jirani.

Mashine yenyewe sielezi, mnaijua. Dramu, waya wa springi umelala ndani, mota inazungusha dramu, dramu inazungusha waya, mbele kuna kichwa. Sawa. Swali langu ni dogo. Mota inazungusha waya, tumekubali, lakini nani anausukuma uingie kwenye bomba? Enhee. Kimya. Mnajua jibu ila mnaona aibu. Mkono. Mkono wa saidia fundi, kwa sababu fundi mwenyewe kasimama pembeni anaongea na mwenye nyumba habari za hela.

Sasa nisikilizeni kisa, na waliokwisha kukisikia wasiwasimulie wenzao mwisho.

Ilikuwa gesti moja hapahapa mjini, jina silitaji, mwenyewe bado ananisalimia. Jiko lao linapika mawese kutwa, samaki, maharage, kisamvu, kila kitu mawese. Masufuria yanaoshwa kwenye sinki, mafuta yanashuka. Sasa mawese yanaanza kuganda chini ya nyuzi 35 hivi, na ardhini hakuna joto hilo hata Kigoma hii, kwa hiyo yanateremka yakiwa maji, yanakutana na ubaridi wa bomba, yanaganda ukutani kidogokidogo, siku hadi siku, ukiongeza magamba ya migebuka na mchanga basi bomba la inchi nne linabaki na tundu la kupitisha kalamu. Ndivyo tulivyolikuta. Maji machafu mpaka mlangoni.

Nikaweka mashine mbali, sehemu kavu, kwa sababu sikutaka ilowe. Hilo ndilo kosa la kwanza na ni langu, simsingizii mtu. Kutoka mdomo wa mashine mpaka mdomo wa bomba kulikuwa na waya uko wazi kama mita moja na nusu, unaning'inia. Kijana wangu kavaa glavu za kitambaa, zile nyeupe zenye vidotidoti, kosa la pili, nalo langu maana nilizinunua mimi. Anashika waya, anasukuma, anashika, anasukuma. Mimi niko kwenye chemba nachungulia. Swichi iko kwenye mashine, haina padeli ya mguu, ile ukitoa mguu mota inazima, kosa la tatu.

Kichwa kikafika kwenye donge, kikanasa. Sasa hapa muwe makini. Kichwa kimesimama, lakini mota haijui, dramu inazunguka tu. Yale mazunguko yanaenda wapi? Yanaingia kwenye waya. Waya unasokotwa kama mama anavyosuka ukili, unabana, unabana, na sehemu pekee yenye nafasi ya kupumulia ni ile mita moja na nusu iliyo nje. Kwanza ukapinda kama upinde. Yule kijana akadhani akikaza mkono utanyooka. Ukajikunja namba nane, ukaila glavu, glavu ikaondoka na mkono. Nikasikia sauti kama mtu kavunja muwa. Mpaka niruke kutoka kwenye chemba nifike kwenye swichi, ni hatua nne tu, lakini hatua nne hizo nimezihesabu usiku mwingi sana. Kifundo kilivunjika, akafungwa hogo, ufundi akaacha. Sasa hivi anaendesha bajaji, tukipishana pale Mwanga ananipungia mkono uleule, na mimi kila akinipungia roho inaniuma.

Kwa hiyo mtu akija kuniambia mashine yangu ina mota kubwa, namjibu hongera, utavunja mikono mikubwa.

Tuje kwenye dawa yake. Kuna kitu kinafungwa mbele ya dramu, pale waya unapotokea. Wengi mkikiona mnadhani ni pambo au ni mfuniko. Ndani yake kuna rola tatu, vibeiringi vidogo tu, vimeuzunguka waya kama vidole vitatu vilivyoshika kalamu. Ukiachia handeli, rola zinakaa mbali kidogo, waya unazunguka katikati lakini hauendi popote. Ukibonyeza handeli, rola zinaubana. Na hapo waya unaanza kutembea wenyewe, hujausukuma, hujaugusa.

Unatembeaje wakati mota ni ileile ya kuzungusha tu? Hapa ndipo utamu ulipo, na nimewahi kumchorea mwenye duka la vifaa mmoja kwenye risiti yake mwenyewe maana alikuwa anaziuza na hajui. Rola hazijakaa sambamba na waya. Zimelala mshazari kidogo. Chukua toroli. Gurudumu lake likikaa sawa toroli linaenda sawa, likipinda kidogo toroli linavuta upande, utakazana weee lakini linataka kwenda linakoangalia. Rola nayo ni gurudumu. Waya ukizunguka unaizungusha rola, na rola inataka kutembea kuelekea inakoangalia. Lakini rola imefungwa kwenye mashine, haiwezi kwenda. Basi kama wewe huendi, anakwenda mwenzako. Waya ndio unasogea. Rola tatu zote zikiangalia upande mmoja, waya unapita katikati kama bolti inavyopita kwenye nati, ila nati hii haina uzi.

Hesabu kidogo, msiogope. Waya wa inchi tatu kwa nane ni kama milimita 9.5 unene, mzunguko wake kama milimita 30. Rola zikilala mshazari wa nyuzi 27 hivi, kila waya ukizunguka mara moja unasogea kama milimita 15. Mashine ikizunguka mara 200 kwa dakika, hizo ni mita 3 kwa dakika. Mshazari ukiongezeka waya unakimbia zaidi, ukipungua unatambaa. Mtengenezaji kacheza na huo ulalo tu, hakuna gia, hakuna cheni, hakuna mota ya pili. Mimi nikiangalia kitu kama hicho nafurahi kama nimekula migebuka ya kuchoma, jamani mtu alikaa akafikiri.

Na kurudisha? Zipo mashine handeli yake ina pande mbili, upande huu rola zinalala kulia, upande ule zinalala kushoto, mota haigeuzwi, inazunguka vilevile, waya unarudi. Hizo ndizo nazipenda. Zile ndogo za kufunga kwenye drili mara nyingi unageuza drili yenyewe, nayo sawa kwa bomba la sinki, ila ukizungusha kinyume kwa muda mrefu ule waya unafunguka masokoto na kujivuruga ndani ya dramu, utaomba msamaha wa bure. Kinyume ni cha kujinasua, sekunde chache, basi.

Lakini jambo kubwa kuliko yote, na watu hawalioni, ni kwamba rola zinateleza. Unasikia mtu analalamika eti fundi rola zangu zinateleza, zikikuta kigumu hazisukumi. Baba, ndio kazi yake! Mkono wako haujui kuteleza, mkono una kiburi, ukikutana na kigumu unakaza. Rola ikikutana na kigumu inateleza juu ya waya, waya unazunguka palepale, kichwa kinaendelea kula donge taratibu. Na ukiona hali mbaya unaachia handeli waya usiende mbele, unatoa mguu kwenye padeli usizunguke, basi, kitu kimekwisha, huna cha kukimbilia hatua nne.

Sasa najua kuna mmoja hapa, sijui ni wewe wa kofia, anasema moyoni fundi mimi nashika waya ili nihisi, bila kushika nitajuaje umefika wapi. Hiyo hoja ninaiheshimu, nilikuwa nayo miaka mingi. Ila nikuulize, wewe ukiendesha pikipiki unashika tairi ili uhisi barabara? Sikiliza mota, sauti ikizama ujue kichwa kimebanwa. Angalia waya pale nje, ukianza kupinda achia handeli na utoe mguu. Na mashine isogee, isikae mbali na mdomo wa bomba zaidi ya sentimita 60, ikiwezekana chini ya hapo, usiogope kulowesha matairi. Na kama mashine yako haina rola kabisa, sikufukuzi mjini. Vaa glavu za ngozi, sio kitambaa, mguu kwenye padeli, sukuma vipande vifupi, ukibanwa toa mguu kabla hujafikiri.

Mwingine atasema rola ni bei. Ni kweli ni bei. Hogo nalo ni bei.

Mwingine, huyu ni wa hapa Kigoma hasa, atasema mambo ya mashine ya nini, mwaga kostiki soda. Haya. Kostiki soda na mawese, akina mama wa hapa wanakutengenezea nini? Sabuni! Sasa wewe unakwenda kupika sabuni ndani ya bomba la mtu, ikikaa vizuri inaganda kipande, umezibua na kuziba kwa hela moja. Halafu ikishindikana unaniita mimi, huniambii umemwaga, naingiza waya unazunguka unanirushia kostiki usoni. Nimeshatapeliwa hivyo mara mbili. Siku hizi nauliza kwanza, na mteja akisitasita kujibu navaa miwani.

Tena kwenye mawese handeli ndiyo inakuokoa kikazi pia, sio usalama tu. Kutoboa na kuzibua ni vitu viwili. Ukisukuma kwa mkono kwa haraka unatoboa tundu, maji yanapita, mteja anafurahi, unalipwa, wiki mbili yamejifunga, unaitwa fundi maiko mtaa mzima. Na rola unabonyeza, unaachia, kichwa kinazunguka palepale kinakwangua ukuta, unarudisha nusu mita, unabonyeza tena, koki iko wazi maji yanasukuma uchafu chini. Polepole. Hasa kwenye elbo.

Naonyeshwa saa. Nimebakiwa na ngapi, tano? Haya, nilitaka kuwasimulia Samuel Blanc wa Des Moines kule Marekani, 1933, bomba la mwanae limeziba, akachukua mota ya mashine ya kufulia akaunganisha na waya wenye visu wa kukata mizizi, mkewe ndiye akabuni jina la Roto-Rooter, lakini basi, hiyo siku nyingine. Mizizi nayo ni siku nyingine, ingawa Ujiji kwenye miembe mnanielewa.

Klachi ya dramu: ipo kwenye baadhi ya mashine, kichwa kikibanwa sana dramu inaacha kuzunguka, ukiikuta usiikaze mpaka mwisho kama mtu anayefunga gurudumu la lori. Padeli ya upepo, ile yenye mpira unaosukuma hewa kwenye swichi, ni nzuri kwa sababu umeme hauji mguuni mwako huku umesimama kwenye maji. Usafi: rola zikijaa mafuta zinateleza mpaka hata pasipo na kigumu, na mchanga wetu wa ziwani unazila kama msasa, kwa hiyo futa waya kwa tambara mashine ikiwa imezimwa, imezimwa nimesema, plagi nje, halafu tone mbili za oili kwenye beringi za rola. Beringi ikianza kulia badilisha, usingoje.

Maswali mtaniulizia uani, nimekuja na mashine mbili, ya rola na isiyo na rola, na bomba la futi kumi nimeliziba kwa mawese ya mke wangu, hajui. Tunakwenda wawiliwawili, mmoja kwenye handeli, mmoja kwenye padeli. Glavu za ngozi ziko kwenye ile ndoo ya bluu. Wewe wa kofia, hizo za kitambaa ziache hapohapo mezani.