Kabla Hujaichafua Ndege, Uliza Nani Kaichafua

(Mhadhara kwa vijana wanaounda modeli za ndege za kivita, Mtwara. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Asanteni, kaeni. Feni ni moja, na mkibanana chini yake mtapeana jasho tu.

Nimeombwa nizungumzie kupaka rangi modeli za ndege za kivita na kuzizeesha zionekane zimepigana. Kupaka mnajua. Praima mnajua, msasa wa maji mnajua, kuziba kwa utepe mnajua, na kila mtu humu ameshaambiwa kwamba makoti matatu mepesi yanalishinda moja zito. Hayo nayaruka. Nitasema habari ya uchafu, na wanaonifahamu wameshaanza kuguna. Guneni. Kila nikipita kwenye meza zenu naona bado hamjanisikia, kwa hiyo nasema tena.

Kila doa lina aliyelitia. Jua, petroli, kiatu cha fundi, vumbi, masizi, chumvi ya bahari, mmoja wao kalitia. Kama huwezi kuniambia ni nani na alikuwa amesimama wapi, lifute. Ninyi mnazeesha ndege kwa kutapanya: rangi ya fedha huku, nyeusi kule, kahawia kidogo iwe nzuri. Iwe nzuri kwa nani?

Miaka ile lami ilipokuwa inaishia Mnivata, nilikuwa nawakusanya vijana nawapeleka stendi kungoja mabasi yanayoshuka kutoka Newala na Tandahimba. Makonda walidhani tumetumwa na trafiki. Mmoja alianza kufuta namba ya gari kwa kitambaa kabla hajashusha hata abiria. Mnalijua lile vumbi la kule juu, jekundu, linaloingia mpaka kwenye sanduku lililofungwa. Sasa mtu asiyetazama atakwambia basi lilikuwa jekundu lote. Thubutu! Mbele palikuwa na wadudu waliopasuka na vumbi kidogo, maana upepo wa mwendo unapafagia. Nyuma ndiko kulikojaa, kioo hakionyeshi kitu, kwa sababu gari likikimbia hewa iliyo nyuma yake inazunguka na kulirudishia vumbi lake lenyewe. Ubavuni, nyuma ya kila tairi, vumbi lilipanda likielekea nyuma, zito chini, jepesi juu. Chini ya madirisha palikuwa na sehemu safi: viwiko vya abiria. Mlangoni palikuwa na viganja vya konda, maana konda wetu haongei na dereva, anapiga bati. Kwenye tundu la kutilia dizeli palikuwa na mchirizi mweusi unaoshuka. Dizeli yenyewe si nyeusi, lakini ikimwagika vumbi linanata, na vumbi lililonata upepo hauliwezi. Juu kwenye keria magunia ya korosho yalikuwa yamesugua rangi mpaka bati linang'aa. Hapo, na kwenye ngazi, na kwenye kona ya bampa. Hakuna pengine bati lilikoonekana.

Nikawauliza: konda wa gari hili anapiga bati kwa mkono gani? Wakacheka. Kijana mmoja akasogea, akatazama vidole gumba vimeelekea wapi, akasema, wa kushoto. Tukamngoja konda atoke. Wa kushoto kweli. Kijana yule sasa anazeesha ndege vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na hajawahi kununua hata chupa moja ya zile rangi za uchafu zinazouzwa zimechanganywa tayari.

Haya, leteni Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili. Kimlango cha rubani kiko kushoto. Rubani anapandia kushoto, kwa hiyo shina la bawa la kushoto, pale bawa linapoungana na mwili, ndilo linalokanyagwa zaidi. Mbona mnachubua mashina yote mawili sawasawa, kana kwamba marubani walikuwa na zamu ya kupandia kulia siku za Ijumaa? Tangi la petroli liko mbele ya rubani, na mfuniko wake uko juu. Ikimwagika wakati ndege imesimama, inashuka ubavuni. Ndege ikiruka, upepo unauvuta mchirizi uleule kurudi nyuma. Kwa hiyo mchirizi una kona. Nimeona Spitfire nyingi mno humu. Mwenye mchirizi wenye kona anionyeshe.

Halafu bunduki. Midomo ya bunduki kwenye mabawa ilizibwa kwa vipande vya kitambaa chekundu, vumbi na unyevu visiingie, na risasi ya kwanza ndiyo inayovipasua. Sasa mtu ananiletea ndege vitambaa vizima kabisa, vyekundu, na nyuma yake masizi meusi mpaka mwisho wa bawa. Nani kapiga? Risasi imepita wapi? Najua mtakachosema: Mjomba, huenda mafundi walibandika vipya ndege iliporudi. Huenda. Lakini kitambaa hakinati kwenye masizi, kwa hiyo fundi alipafuta kwanza pale anapobandika. Nionyeshe alipofuta, nitanyamaza.

Mwingine atasema: Mjomba, mbona mabingwa wa Ulaya ndege zao zimechubuka kila mahali na wanapewa medali? Wapewe. Mimi nawapa hesabu. Modeli zenu nyingi ni za 1/72, yaani ndege halisi ni kubwa mara 72. Alama ya milimita 1 uliyoweka kwa ncha ya brashi, kwenye ndege halisi ni sentimita 7.2. Hicho si kichubuko cha ribiti, hicho mtu kapasua bati kwa shoka. Na ukiishika modeli sentimita 30 kutoka machoni, ni sawa na kusimama mita 21 na zaidi kutoka kwenye ndege yenyewe. Kapime mita 21 hapo nje, utazame gari, uniambie unahesabu ribiti ngapi. Kwa umbali huo unaona rangi imepauka, unaona penye giza na penye mwanga, unaona michirizi mikubwa. Basi. Ndiyo maana hata rangi yenyewe tunaipunguzia ukali kwa nyeupe kidogo kabla ya kupuliza. Hewa iliyo kati yako na ndege inafanya hivyohivyo.

Na nyeupe hiyo msitie kila mahali kwa kipimo kimoja. Jua linapiga juu ya mabawa na mgongoni. Tumboni halifiki. Ndege iliyokaa miezi nje haina rangi moja juu, na bado tumbo lake ni la kiwandani. Kuliona hili hamhitaji kitabu, mna mabati ya nyumba zenu.

Sasa nafika kwenye linalonipandisha presha. Kuna Mosquito pale mezani, ndege nyingine ya Waingereza ya vita hiyohiyo. Kazi safi, maungio hayaonekani, rangi imelala vizuri. Na mwenye nayo kaijaza alama za fedha kwenye kingo za mabawa, kana kwamba rangi imechubuka na bati limetokeza. Ndugu yangu, Mosquito ni ya mbao! Ni plaiwudi na balsa, zimegandishwa kwa gundi, juu zikavikwa kitambaa cha pamba na kupakwa rangi. Ilipaa mara ya kwanza Novemba 1940, na tangu siku hiyo haijapata kuwa na bati kwenye ukingo wa bawa. Ukiikwaruza sana utakuta kitambaa, ukiendelea utakuta mti. Hurricane nayo, mbele mabati, lakini nyuma ya rubani mwili ni kitambaa kilichovutwa juu ya fito. Mstari unapopita mnaujua, mmeupaka wenyewe. Mbona fedha inauvuka?

Na nyumbani kwetu jambo hili lina historia yake, ndiyo maana nalishikia bango. Ndege za vita zilizoruka huku Kusini katika Vita Kuu ya Kwanza zilikuwa za miti na kitani. Mapema 1915, Waingereza walipokuwa wanaitafuta Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani iliyojificha kwenye delta ya Rufiji, walileta ndege za majini za Sopwith, na joto letu likazishinda: gundi ikalegea, mbao zikapinda. Walihangaika na ndege za aina nyingine mpaka tarehe 11 Julai, walipomaliza kazi kwa mizinga ya meli zao Severn na Mersey, na iliyokuwa inaelekeza mizinga ni ndege ya Farman iliyoruka kutoka Mafia. Ikapigwa, na huku inaanguka bado inaelekeza. Mapema 1916 ikaja skwadroni ya 26 ya ndege za Waingereza, watu wake wengi wa Afrika Kusini, na ndege zao za BE2c. Oktoba 1917 vita vikawa hapahapa Lindi, Mahiwa, kuanzia tarehe 15 hadi 18.

Kuna anayewaza: za nini ndege za wakoloni? Unda hata hivyo. Wapagazi waliobeba vita ile kichwani walikuwa babu zetu, na mimi nataka kitu walichokiona angani kiwe mezani kwangu jinsi kilivyokuwa, na uchafu wake halali.

Sasa BE2c, mabawa mita 11 na kitu, kwa 1/72 unapata sentimita 15 na nusu hivi, inaenea kiganjani. Za mwanzo zilitoka kiwandani na kitani cha rangi yake ya asili, kimepakwa dopu tu, aina ya vanishi ya kitambaa, ili kikaze. Lakini jua huozesha kitani, na kuanzia 1916 Waingereza wakaanza kutumia dopu yenye rangi, ile PC10: udongo wa njano na masizi, kazi yake kukinga mwanga. Ndiyo sababu watu wanagombana kama ni kijani au kahawia. Kila pipa lilikuwa na lake na kila mwezi wa jua uliibadilisha. Msinipigie simu usiku kuniuliza namba ya chupa.

Kitani hakichubuki. Kitani kinalowa. Mafuta ya injini yakiingia, kinakuwa cheusi na kinapitisha mwanga, na doa linatawanyika taratibu, halina ukingo mkali. Kikichanika kinashonwa na kutiwa kiraka, na kiraka ni kipya, kwa hiyo rangi yake imekolea kuliko jirani zake. Masizi nayo: BE2c zenye injini ya RAF 1a zina ekzosi mbili zilizosimama wima, zinatoa moshi juu ya bawa la juu. Kila BE2c ninayoletewa ina masizi ubavuni. Moshi umeshukaje? Kaeni nalo hilo.

Na vumbi la magurudumu. Chupa mnayonunua imeandikwa vumbi la Afrika. Lipi? Udongo wa Newala ni mwekundu, mchanga wa Mikindani mweupe, mbugani mweusi. Ndege iliyotua uwanda wa pwani haiwezi kuwa na magurudumu mekundu. Chukua udongo halisi, usage, uchekeche kwa kitambaa cha hariri, uchanganye na vanishi kidogo. Bure.

Naonyeshwa saa. Haya, harakaharaka.

Chumvi. Mnalowesha modeli, mnanyunyiza chumvi, mnapuliza rangi, mnasugua chumvi itoke, rangi ya chini inatokeza. Vizuri, ila chumvi yetu ya mashambani ni ya mawe. Punje ya milimita moja mmeshaipigia hesabu. Isageni.

Mvua. Kuanzia Desemba mpaka Aprili hewa ya hapa ni maji. Vanishi ya kufifisha ukiipuliza asubuhi na mapema itakugandia nyeupe. Ngoja saa nane mchana jua likiwa limekausha hewa, au ngoja Juni.

Thina ya magari inayeyusha plastiki ya modeli. Nimesema. Rangi nyepesi ya mafuta ya kupitisha kwenye maungio tumieni tepentini, tena juu ya vanishi ya kung'aa iliyokauka usiku kucha.

F-6 za jeshi letu, zile ndege za kivita za jeti kutoka China: mizinga mitatu, mmoja puani kulia, miwili kwenye mashina ya mabawa, na pembeni ya ile miwili kuna bamba la chuma la kupokea moto. Masizi yanaanzia kwenye bamba. Na modeli ya F-6 ukiiacha na bati tupu, hapo hakuna rangi, kwa hiyo hakuna cha kuchubuka. Nyuma kwenye matundu ya injini joto linabadilisha rangi ya chuma: njano, zambarau, buluu, kwa mpangilio huo kadiri joto linavyopanda, na kwa wino uliopunguzwa sana. Stika za maji nilikuwa na mengi. Hayapo tena, muda umeisha.

Maswali tutaulizana mezani, kila mtu na ndege yake mkononi. Tunaanza na ile Mosquito. Mwenye nayo asijifiche nyuma ya nguzo, nimemwona, na msasa namba 2000 ninao mfukoni.